Macho ya Wavu wa Umeme: Njia ya Kutafuta Mikondo katika Saketi

Miongoni mwa njia zitumiwazo na wahandisi wa umeme ili kujua ukubwa wa mkondo upitao katika kila waya wa saketi, iko moja ambayo jina lake limetokana na wavu. Waingereza huiita kwa neno la tundu lililo kati ya nyuzi za wavu wa kuvulia. Kiswahili kinalo neno la kitu hicho tangu zamani: huitwa jicho, na wingi wake ni macho. Mvuvi hupima wavu kwa macho yake. Akiona ni madogo hujua kwamba hata dagaa watanaswa, na akiona ni mapana hujua kwamba wavu ule ni wa samaki wakubwa. Kwa hiyo njia hii yaweza kuitwa njia ya macho bila kubuni neno jipya wala kuazima.

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza njia yenyewe kwa ukamilifu, hata msomaji asiye mhandisi aweze kuifuata hatua kwa hatua na kuijaribu kwa kalamu. La pili ni kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi katika jambo hili si pambo la lugha tu, kwa kuwa jina lisilofaa laweza kumfikisha mwanafunzi kwenye milinganyo isiyotatulika.

Maneno yatakayotumika

Lugha ya umeme katika Kiswahili imejengwa kwa maneno ya asili na maneno ya kuazima pamoja. Umeme ni neno la kale la mwanga unaomulika angani wakati wa mvua. Mkondo ni mwendo wa maji katika mto au bahari. Simu ni neno lenye asili ya Kiajemi, na miongoni mwa maana zake huko ni waya. Ukinzani umetokana na kitenzi kinza, yaani kupinga, na ndiyo tabia ya kitu kuzuia mkondo usipite kwa wepesi. Betri, waya, volteji na saketi ni maneno ya kuazima yaliyokwisha zoeleka. Vipimo vitatu, yaani volti, ampea na omu, vimeitwa kwa majina ya wataalamu Volta wa Italia, Ampère wa Ufaransa na Ohm wa Ujerumani.

Katika makala haya saketi itatazamwa kama wavu. Fundo ni mahali zinapokutana nyaya tatu au zaidi. Uzi ni njia yote ya waya toka fundo moja mpaka fundo jingine, pamoja na kila kitu kilichomo katika njia hiyo, ikiwa ni betri au kikinza. Kitanzi ni mwendo wowote unaoanza katika fundo moja, ukapita nyuzi kadha wa kadha, na kurudi palepale bila kukanyaga fundo jingine mara mbili. Jicho ni kitanzi ambacho ndani yake hamna uzi mwingine uliokatiza. Basi kila jicho ni kitanzi, lakini si kila kitanzi kilicho jicho. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha mambo yatakayofuata.

Sheria zilizo msingi

Georg Simon Ohm alitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1827 kwamba volteji ya kusukuma mkondo katika waya ni sawa na mkondo huo mara ukinzani wa waya. Mkondo wa ampea 3 ukipita katika ukinzani wa omu 4, volteji itashuka kwa volti 12.

Sheria hiyo yatosha kwa waya mmoja, au kwa nyaya zilizofuatana au zilizokwenda sambamba. Haitoshi kwa nyaya zilizofumana. Gustav Robert Kirchhoff, alipokuwa bado mwanafunzi katika chuo kikuu cha Königsberg, alitoa mwaka 1845 sheria mbili za kuikamilisha. Sheria ya kwanza ni ya fundo: mikondo iingiayo katika fundo, ikijumlishwa, ni sawa na mikondo itokayo. Umeme haulundikani katika fundo, kama vile maji yasivyolundikana mahali mto unapogawanyika. Sheria ya pili ni ya kitanzi: mtu akikizunguka kitanzi chochote mpaka akarudi alikoanza, jumla ya volteji zilizopanda ni sawa na jumla ya volteji zilizoshuka. Ni kama mtu atembeaye mlimani: apande na kushuka atakavyo, akirejea mlangoni pake huwa katika kimo kilekile alichoondokea.

Mwaka 1847 Kirchhoff alieleza tena ni milinganyo mingapi ya vitanzi inayohitajiwa. Jawabu lake laweza kuhakikishwa kwa kipande cha wavu. Zihesabiwe nyuzi, yatolewe mafundo, na kuongezwa moja. Kitakachopatikana ni idadi ya macho. Kipande cha wavu chenye macho manne yaliyopangwa mawili juu na mawili chini kina nyuzi 12 na mafundo 9. Nazo 12 kutoa 9 kuongeza 1 ni 4. Hesabu hii ni ya kweli kwa wavu wowote ulio kipande kimoja, uwe wa katani au wa shaba.

Wazo la mkondo wa jicho

Atumiaye sheria za Kirchhoff bila njia nyingine huupa mkondo wa kila uzi herufi yake. Saketi ya nyuzi sita humpa herufi sita na milinganyo sita, nayo kuitatua kwa mkono ni kazi ndefu yenye makosa mengi. James Clerk Maxwell, katika mihadhara yake ya mwisho huko Cambridge kabla ya kufa kwake mwaka 1879, aliwaonyesha wanafunzi njia iliyo fupi zaidi. Mmoja wao, John Ambrose Fleming, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuvumbua vali ya redio mwaka 1904, aliieleza njia hiyo kwa maandishi mwaka 1885.

Wazo la Maxwell ni hili. Badala ya kuupa kila uzi mkondo wake, kila jicho lipewe mkondo mmoja, uliozunguka jicho hilo pande zote kama maji yazungukayo katika mfereji wa duara. Mikondo yote izungushwe upande mmoja, mathalani kwa mwendo wa akrabu ya saa. Uzi ulio pembeni, ambao ni wa jicho moja tu, huchukua mkondo wa jicho lake. Uzi ulio kati ya macho mawili hupitiwa na mikondo miwili iendayo kinyume, na kwa hiyo mkondo wake wa kweli ni tofauti ya hiyo miwili.

Faida yake ni kubwa. Mkondo unaozunguka huingia katika kila fundo na kutoka palepale, kwa hiyo sheria ya fundo hutimizwa yenyewe wala haina haja ya kuandikwa. Iliyosalia ni sheria ya kitanzi, ambayo huandikwa mara moja kwa kila jicho. Saketi ya nyuzi sita yenye macho matatu hudai milinganyo mitatu tu.

Lakini yafaa ieleweke kwamba mkondo wa jicho ni kitu cha hesabu. Ameta ikiwekwa katika uzi ulio kati ya macho mawili haitaonyesha mkondo wa jicho la huku wala wa jicho la kule. Itaonyesha tofauti yao. Mwanafunzi asiyetenga mkondo wa jicho na mkondo wa uzi atapata hesabu sahihi na kuisoma vibaya.

Mfano: daraja la Wheatstone

Mfano ufaao ni saketi iitwayo daraja la Wheatstone. Ilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, na Charles Wheatstone akaieneza mwaka 1843, akikiri kwamba Christie ndiye aliyetangulia; walakini jina lililobaki ni la Wheatstone. Mafundi wa simu za zamani walitumia daraja la namna hii kupima ukinzani wa nyaya ndefu, na kwa kipimo hicho kukisia umbali wa mahali palipoharibika. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule uliofika Unguja kutoka Adeni mwaka 1879, kwa kuwa meli haikuweza kuuopoa waya wote ili kutafuta ufa mmoja.

Msomaji achore mafundo manne. Fundo A liwe juu, fundo D chini, fundo B katikati upande wa kushoto, na fundo C katikati upande wa kulia. Betri ya volti 20 iwe kushoto kabisa, ikiunganisha D na A, na upande wake wa chanya uelekee A. Ukinzani wa betri yenyewe uhesabiwe kuwa si kitu. Nyuzi nyingine ziwe na ukinzani huu: A mpaka B omu 4, B mpaka D omu 4, A mpaka C omu 7, C mpaka D omu 2, na uzi wa kati, B mpaka C, ulio daraja lenyewe, omu 2.

Katika saketi hii hakuna vikinza viwili vilivyofuatana wala viwili vilivyo sambamba. Njia ya kuunganisha vikinza viwili viwili kuwa kimoja, ifundishwayo mwanzo wa masomo, haipati pa kuanzia. Nyuzi ni 6, mafundo ni 4, kwa hiyo macho ni 3. Jicho la kwanza lina betri, uzi AB na uzi BD. Mkondo wake uitwe x. Jicho la pili ni pembetatu ya juu, A, C na B. Mkondo wake uitwe y. Jicho la tatu ni pembetatu ya chini, B, C na D. Mkondo wake uitwe z. Yote mitatu ifuate mwendo wa akrabu ya saa.

Jicho la kwanza huzungukwa hivi. Betri hupandisha volti 20. Katika uzi AB mkondo ni x − y, katika uzi BD ni x − z. Basi:

4(x − y) + 4(x − z) = 20, yaani 8x − 4y − 4z = 20.

Jicho la pili halina betri, kwa hiyo jumla yake ni sifuri. Toka A mpaka C mkondo ni y peke yake. Toka C mpaka B ni y − z. Toka B mpaka A ni y − x. Basi:

7y + 2(y − z) + 4(y − x) = 0, yaani −4x + 13y − 2z = 0.

Jicho la tatu vilevile halina betri. Toka B mpaka C mkondo ni z − y; toka C mpaka D ni z; toka D mpaka B ni z − x. Basi:

2(z − y) + 2z + 4(z − x) = 0, yaani −4x − 2y + 8z = 0.

Aitazamaye milinganyo hii mitatu ataona mpango. Namba iliyo mbele ya mkondo wa jicho katika mlinganyo wake ni jumla ya ukinzani wote wa jicho hilo: 8, 13 na 8. Namba nyingine zote ni za kutoa, na kila moja ni ukinzani wa uzi ulio kati ya macho mawili: 4 kati ya la kwanza na la pili, 4 kati ya la kwanza na la tatu, 2 kati ya la pili na la tatu. Mwenye mazoezi huiandika milinganyo kwa kuitazama picha tu. Na kwa kuwa uzi wa kati ni uleule kwa macho yote mawili, kila namba ya namna hiyo lazima ionekane mara mbili. Isipoonekana hivyo, kosa limeingia.

Kutatua sasa ni kazi nyepesi. Mlinganyo wa kwanza ukigawanywa kwa 4 ni 2x − y − z = 5. Wa tatu ukigawanywa kwa 2 ni −2x − y + 4z = 0. Hiyo miwili ikijumlishwa, x huondoka na kubaki −2y + 3z = 5. Tena ule wa kwanza uliogawanywa ukizidishwa kwa 2 na kujumlishwa na wa pili, hubaki 11y − 4z = 10. Kati ya hii miwili mipya, ule wa mbele ukizidishwa kwa 4 na wa nyuma kwa 3, kisha ikajumlishwa, hupatikana 25y = 50. Kwa hiyo y ni ampea 2, z ni ampea 3, na x ni ampea 5.

Mikondo ya nyuzi hufuata. Betri hutoa ampea 5. Uzi AB huchukua x − y, yaani ampea 3. Uzi BD huchukua x − z, yaani ampea 2. Uzi AC ampea 2. Uzi CD ampea 3. Katika daraja lenyewe, toka B kwenda C, mkondo ni z − y, yaani ampea 1. Kama jawabu la z − y lingekuwa la kutoa, maana yake isingekuwa kosa, bali kwamba mkondo waenda toka C kwenda B.

Kuhakikisha jawabu

Jawabu hili laweza kupimwa kwa njia tatu zisizotegemeana. Ya kwanza ni ya fundo: katika B huingia ampea 3, hutoka 2 na 1, katika C huingia 2 na 1, hutoka 3. Ya pili ni ya kimo: volteji ya B juu ya D ni 2 mara 4, yaani volti 8, ya C ni 3 mara 2, yaani volti 6, tofauti ni volti 2, nayo ndiyo hasa isukumayo ampea 1 katika omu 2 za daraja. Ya tatu ni ya nguvu: betri hutoa 20 mara 5, yaani wati 100. Nguvu igeukayo joto katika kila kikinza ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: katika AB wati 36, katika BD 16, katika AC 28, katika CD 18, na katika BC 2. Jumla ni 100, wala haipungui wala kuzidi.

Mfano huu waonyesha pia sababu ya daraja kutumiwa kuwa kipimo. Kama ukinzani wa AC ungekuwa omu 2 badala ya 7, y na z zingekuwa sawa, ampea 5 kila moja, na tofauti yao ingekuwa sifuri. Mshale wa kipimo kilichowekwa kati ya B na C ungetulia. Wakati huo AB kwa BD ni kama AC kwa CD, na mtu ajuaye ukinzani wa tatu hupata wa nne kwa uwiano.

Jicho na kitanzi si kitu kimoja

Hapa ndipo neno linapofanya kazi. Tuseme mwanafunzi ameambiwa: tafuta vitanzi vitatu, ukaandike mlinganyo wa kila kimoja. Akichagua pembetatu ya juu, pembetatu ya chini, na kitanzi kikubwa cha A, C, D na B kinachozizunguka zote mbili, hakuvunja agizo. Hivyo ni vitanzi vitatu vya kweli. Mlinganyo wa kitanzi kikubwa utakuwa −8x + 11y + 6z = 0. Lakini huo ni jumla tu ya milinganyo ya pembetatu mbili, wala hauongezi habari yoyote mpya. Zaidi ya hayo betri haimo hata katika mmoja. Atahangaika kwa saa nzima, kila mara akipata sifuri sawa na sifuri, na huenda akadhani kwamba hajui hesabu, kumbe jina alilopewa ndilo lililompoteza.

Kama angeambiwa atafute macho, asingeweza kupotea, kwa sababu kitanzi kikubwa kina uzi BC uliokatiza ndani yake, na hakuna mvuvi atakayeyahesabu matundu mawili kuwa jicho moja. Neno jicho lina sharti ndani yake. Neno kitanzi halina. Neno mzunguko, ambalo hutumiwa pengine kwa saketi nzima, pengine kwa mwendo wa gurudumu, na pengine kwa safari ya kurudi ulikotoka, halifai hata kidogo hapa, kwa kuwa katika maelezo haya lingebeba saketi, kitanzi, jicho na mkondo wa jicho kwa pamoja.

Mipaka ya njia

Njia ya macho ina mipaka yake. Yahitaji saketi iwezayo kuchorwa katika karatasi bila nyuzi kupandana. Mafundo matano, kila moja likiwa limefungwa kwa uzi na mengine yote manne, hayachoreki hivyo kwa hila yoyote. Hapo macho hayapo, na mhesabu hulazimika kurudi kwenye vitanzi na kuvichagua kwa uangalifu. Nyuzi 10 kutoa mafundo 5 kuongeza 1 ni 6. Basi vitanzi sita visivyotokana vyenyewe kwa vyenyewe ndivyo vinavyotakiwa.

Tena pakiwapo chanzo kisichotoa volteji maalumu bali mkondo maalumu, nacho kikawa kati ya macho mawili, volteji yake haijulikani. Macho hayo huunganishwa yakawa jicho pana moja, na tofauti ya mikondo yao huandikwa kuwa mlinganyo wa pili. Katika umeme wa mkondo geu njia ni ileile, ila ukinzani pamoja na athari za koili na kapasita huandikwa kwa namba changamano.

Na si kila mara njia hii ndiyo fupi. Iko njia nduguye, ya mafundo, itafutayo volteji badala ya mikondo. Katika daraja lililotajwa, kwa kuwa volteji kati ya A na D yajulikana tangu mwanzo, njia ya mafundo hudai milinganyo miwili tu, ya B na ya C. Mhandisi mwenye busara huhesabu kwanza macho na mafundo, ndipo achague.

Somo la fizikia katika shule za sekondari za Afrika Mashariki limefundishwa zaidi kwa Kiingereza, na kamusi za istilahi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zimekuwa zikiandaa lugha kwa ajili ya mafundisho yenyewe. Orodha ya maneno peke yake haitoshi kupima kama istilahi zafaa. Kipimo chake ni kuzitia katika hoja kamili, toka sheria mpaka jawabu, na kuona kama kila moja yasimama mahali pake bila kugongana na nyingine. Katika jambo hili uzi, fundo, kitanzi na jicho zimesimama. Watungaji wa vitabu wakizipokea, neno saketi libaki kwa kitu kizima, kitanzi kwa mwendo wowote wa kurudi, na jicho kwa kile tu ambacho ndani yake hamna uzi.